Mchoro Una Njia Mbili, Mtaro ni Mmoja

Nyumbani Kiptere, upande wa Sigowet katika Kaunti ya Kericho, mimi ni mtu wa kompyuta. Nikifika likizo ya Desemba nakuta simu zilizokufa zimepangwa juu ya kabati zikinisubiri, na pengine redio moja. Simu sizijui, na redio ndiyo kabisa. Kazi ninayolipwa ni ya ukaguzi: napewa mchoro wa mtandao alioutengeneza injinia, naingia nyuma ya raki za seva na juu ya dari, kisha nasema kama kebo zilizopo ndizo zilizochorwa. Mara nyingi sizo.

Nilianzia kwenye vituo vikubwa vya data vya Nairobi, vile vya kando ya Mombasa Road, ambako raki husimama safu kwa safu na baridi ya viyoyozi hukulazimisha kuvaa jaketi hata Februari. Siku hizi nafanya kazi zaidi huku kwetu kwenye chai, Kericho na Bomet: viwanda vya majani, Sacco, hospitali, vyuo. Chumba cha seva cha huku kinaweza kuwa na raki mbili tu, moja imebanwa ukutani hadi mlango wake wa nyuma haufunguki. Lakini ugomvi wa mchoro na waya ni ule ule, na huku unaniuma zaidi, kwa sababu mtandao ukikatika anayesimama kwenye foleni ni jirani yangu.

Wengi hudhani mchoro na kebo hutofautiana kwa sababu vibarua ni wazembe. Wazembe wapo, ila si wao wanaonipa kazi nyingi. Vijana wa kuvuta kebo hulipwa kwa pointi: kila tundu la ukutani lililokamilika lina bei yake. Injinia amechora akiwa Nairobi, akitumia ramani ya jengo iliyopigwa muhuri kabla ya stoo mpya kuongezwa. Kijana anafika na kukuta boriti ya zege mahali ambapo mchoro unaonyesha uwazi. Apige simu? Ni saa mbili usiku, injinia hapokei, na mkandarasi anataka kukabidhi kazi Ijumaa. Basi kijana anaizunguka boriti, anapitia chumba cha pili, anamaliza, na kebo inafanya kazi. Hakuna anayerudi kuurekebisha mchoro, maana mchoro haulipwi kwa pointi. Siku ya makabidhiano mkandarasi anachapisha upya mchoro ule ule wa mwanzo, anabadilisha tarehe na kuandika kwamba ndivyo kazi ilivyokamilika. Nimeona michoro ya namna hiyo yenye saini nne.

Chukua mfano wa kiwanda kimoja cha chai cha upande wa Bomet. Niliitwa kwa sababu mizani ya kupokelea majani ilikuwa inapoteza mawasiliano na seva karibu kila siku ya jua, kuanzia saa sita hivi, kisha jioni inapona yenyewe. Mkulima ameleta majani yake, karani hana rekodi ya kilo, lori limesimama, na majani mabichi hayangoji. Yakikaa kwenye gunia yanapata joto na kuharibika. Walikuwa wameshabadilisha kompyuta ya mizani, wakabadilisha na swichi ya chumba cha seva. Mchoro ulionyesha mstari mmoja ulionyooka kutoka poti ya 14 ya swichi hiyo hadi kwenye mizani, na kando yake imeandikwa mita 85.

Hizo mita 85 zilipimwa kwa rula juu ya karatasi. Kebo ya shaba ina kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa: 90 za kebo iliyolazwa, na 10 zinazobaki kwa pachi kodi za ncha mbili. Ndani ya kiwanda kebo inapanda ukuta, inafuata tranki juu ya vitanda vya kunyaushia majani, inakwepa mabomba ya mvuke, inavuka hadi banda la mizani na kushuka tena. Ukiifuata kwa miguu unapata mita 120 na zaidi. Kwa hiyo, kabla sijapanda ngazi, nilishajua kwamba mstari ule ulionyooka hauwezi kuwa wa kweli. Kilichobaki ni kujua uongo wake uko wapi.

Niliiuliza swichi. Kuna itifaki iitwayo LLDP, ambayo IEEE, shirika la viwango vya uhandisi, waliisanifisha mwaka 2005, ambapo kila kifaa kinachoifahamu hujitangaza kwa jirani yake: jina langu ni hili, poti yangu ni hii. Kwa kawaida tangazo hutoka kila sekunde 30, na jirani asiposikia kitu kwa sekunde 120 hulifuta jina hilo kwenye orodha yake. Orodha ya poti ya 14 ilikuwa na majirani wawili, kompyuta ya mizani na simu ya mezani ya karani. Hapo kazi ilikuwa karibu imekwisha. Kebo moja haiwezi kuwa na ncha tatu. Ukiona poti moja ina majirani wawili, katikati pana kitu kisichojitaja. Swichi za bei rahisi, zile zisizosimamiwa, mara nyingi hupitisha matangazo ya LLDP badala ya kuyazuia kama kiwango kinavyotaka. Zenyewe hazionekani, ila walio nyuma yake wanajitokeza.

Nilikuta swichi ya poti tano juu ya boriti, imefungwa kwa waya wa ua, vumbi la chai limeifunika hadi taa zake zikawa za kahawia. Adapta yake ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya taa, sentimita chache chini ya mabati. Jua likishika mabati, adapta inazidiwa na joto na kuzima. Jioni inapoa, inawaka. Aliyeiweka hakuwa mjinga. Alijua mita 120 hazivukiki kwa mruko mmoja, akaikata safari katikati. Angeiandika tu, yule aliyekuja kubadilisha kompyuta angepanda ngazi badala ya kufungua mkoba.

Tuliiondoa tukavuta faiba. Umbali pekee ungetosha kuwa sababu, lakini kuna radi pia. Miinuko ya Kericho na Bomet hupokea unyevu wa Ziwa Viktoria, na mchana mawingu hupanda yakashusha ngurumo na mvua ya mawe. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine inaunganisha ardhi mbili za umeme zisizolingana, na radi ikipiga jirani, mkondo hufuata shaba hiyo hadi ndani ya swichi. Nimefungua swichi ambazo poti za upande mmoja zote zimekuwa nyeusi. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme, basi.

Kwenye vituo vikubwa tatizo hubadilika sura. Huko hakuna anayeficha swichi darini. Kinachosumbua ni wingi wa kebo, na jinsi zinavyofanana. Mitandao ya vituo vya data siku hizi hufuata mpangilio ambao asili yake ni hesabu za Charles Clos wa Bell Labs, alizozichapisha mwaka 1953 kwa ajili ya mitambo ya simu. Kila raki ina swichi yake, tuite ya chini, na kila swichi ya chini imeunganishwa na kila swichi ya juu. Ukiwa na 20 za chini na 4 za juu una viungo 80. Kila kiungo kikipitia pachi paneli mbili, vile vibao vya matundu ya kuunganishia kebo, kinakuwa vipande vitatu, yaani kebo 240 zenye ncha 480, karibu zote za rangi moja.

Sasa kijana apishanishe ncha mbili. Kebo ya raki ya 7 aichomeke mahali pa raki ya 8, na ya 8 mahali pa 7, kwenye swichi moja ya juu. Hakuna kitakachotokea. Taa za kijani zinawaka, data inapita, kwa sababu mpangilio wenyewe umetengenezwa ili njia yoyote ifae. Kosa linalala hapo mwaka mzima likisubiri siku ya matengenezo. Siku hiyo injinia anataka kubadilisha swichi ya raki ya 7. Anafunga, kwenye swichi zote nne za juu, poti ambazo mchoro unasema ni za raki ya 7. Anaamini mizigo ya data ya wateja imeshahamia kwingine, anaizima swichi. Kumbe kati ya poti nne alizofunga moja ilikuwa ya raki ya 8, na kiungo kimoja cha raki ya 7 kilikuwa bado wazi, ndicho kilichobeba mizigo yote. Simu zinaanza kulia.

Dawa ninayoiamini ni kuandika mchoro kwa namna ambayo mashine yenyewe inaweza kuusoma. Cumulus Networks, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na NVIDIA mwaka 2020, ilitoa programu iitwayo PTM kwa kazi hiyo hasa. Mtandao mzima unaandikwa katika faili la maandishi ya kawaida, kwa lugha ya DOT, kila kiungo mstari wake:

"chini7":"swp49" -- "juu2":"swp7"

Mstari huo ni dai: poti swp49 ya swichi inayoitwa chini7 inakutana na poti swp7 ya swichi inayoitwa juu2. Kila swichi inapewa nakala ya faili. Inasikiliza LLDP, inalinganisha jirani anayejitangaza na jirani aliyeandikwa, kisha inajibu kama kiungo kimefaulu au kimefeli. Ukitaka, unaweza kuiamuru isipitishe njia yoyote kwenye kiungo kilichofeli. Mameneja huiogopa amri hiyo. Mimi naipenda kuliko zote. Kebo iliyochomekwa vibaya inagoma papo hapo, kijana akiwa bado juu ya ngazi, na ubishi unaisha kabla haujaanza.

Asiye na swichi za namna hiyo anaweza kukusanya orodha za LLDP kwa mkono na kuzilinganisha na jedwali. Kuna pia NetBox, programu huria iliyoanzia kampuni ya DigitalOcean na kutolewa kwa umma mwaka 2016, ambayo huhifadhi kila kebo na ncha zake pamoja na paneli inazopitia. Ninaitumia hata kwa raki mbili za Sacco, na wenzangu hunicheka kwamba nimeleta lori kubeba gunia moja.

Pachi paneli ndiyo inayoishinda LLDP. Ni plastiki na shaba tu, haina stima wala jina la kujitangaza. Swichi mbili zitatajana vizuri huku kebo kati yake ikipita paneli ya pili badala ya ya kwanza, na wewe utakayechomoa paneli ya kwanza ukidhani haina kitu ndiye utakayejua. Hapo lebo ndiyo shahidi pekee. Lebo za masking tepu zilizoandikwa kwa kalamu hazimalizi mwaka katika unyevu wa kiwanda cha chai. Gundi inaachia, na asubuhi unazikuta sakafuni zimelala kama majani makavu, kila moja ikisema ukweli ambao huwezi kuurudisha mahali pake. Ninatumia zile za kuzungushia zenye plastiki angavu inayofunika maandishi, ncha zote mbili, na kila ncha inataja mwisho wa huku na mwisho wa kule: raki, paneli, poti. Siandiki kazi ya kebo. Kebo iliyoandikwa "mhasibu" huwa ya uongo siku mhasibu anapohama chumba, na mhasibu huhama.

Kuna uongo mwingine mdogo zaidi, ndani ya kiunganishi chenyewe. Kebo ya shaba ina nyaya nane katika jozi nne zilizosokotwa, na kiwango kinataka jozi moja ikae kwenye pini 3 na 6, ikiiruka jozi ya katikati. Fundi ambaye hakufundishwa hupanga rangi jozi kwa jozi, moja mbili, tatu nne, tano sita, kwa sababu ndivyo macho yanavyotaka, na ncha ya pili anafanya vivyo hivyo. Testa ya bei nafuu itawasha taa kutoka 1 hadi 8 bila kuruka, na fundi atalipwa. Lakini pini 3 na 6 sasa zinatumia nusu ya jozi hii na nusu ya ile, msokoto haufanyi kazi yake, na jozi zinaingiliana. Kebo ya mita tatu itastahimili. Ya mita sitini itakupa makosa usiku na mchana, na mchoro utaendelea kudai megabiti 1,000. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mkandarasi anaponikabidhi matokeo ya vipimo ni testa gani ilitumika. Ya taa nane siipokei.

Mchoro na kebo zikipingana, kipi kibadilishwe? Nimefanya kazi na watu wa madhehebu mawili. Wa kwanza wanasema mchoro ndio sheria, kebo irudishwe kwenye mstari. Wa pili wanasema kebo ndiyo inayofanya kazi, basi mchoro urekebishwe. Nawaogopa wote. Katika kituo kimoja cha data kijana mwangalifu aliona kebo imechomekwa poti ya 22 na mchoro unasema 21. Akaihamisha kwenda 21, kwa nia njema kabisa. Poti ya 21 ilikuwa imekufa miezi mingi nyuma, na fundi wa zamu ya usiku ndiye aliyeihamishia kebo 22. Dhehebu la pili nalo lingeandika 22 na kuendelea, bila mtu kujua kwamba swichi ile imeanza kupoteza poti. Tofauti kati ya karatasi na waya karibu kila mara ina mtu nyuma yake na sababu, na kazi yangu kubwa ni kumtafuta mtu huyo kabla sijagusa kitu. Daftari la zamu husaidia. Chai ya saa nne na walinzi husaidia zaidi.

Hadi hapa nimekuwa nikiuliza nani ameungana na nani. Swali gumu zaidi ni kupitia wapi, na kwa hilo LLDP ni bubu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko katika ukanda huu. Dar es Salaam, ubalozi wa Marekani ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili. Februari ya mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini tayari ilikuwa imebanwa. Kwenye mchoro, EASSy na SEACOM ni mistari miwili yenye wenyewe wawili na mikataba miwili. Kwenye sakafu ya bahari, mahali pale, zilikuwa majirani. Sisi wa Kenya, nyaya kadhaa kufa kwa pamoja hakukupaswa kutushangaza: Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS, waya uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, wakati nyaya za Bahari ya Shamu nazo zilikuwa na majeraha yake.

Nililiona jambo hilo hilo kwa kipimo cha kijiji. Sacco moja ya Kericho, ambayo wanachama wake wengi ni wakulima wa chai, ilikuwa imenunua laini mbili za faiba kutoka kwa kampuni mbili kwenda kituo cha data cha Nairobi, ambako mfumo wake wa akaunti umewekwa. Laini mbili, bili mbili kila mwezi. Mchoro ulikuwa mzuri, ya kwanza bluu, ya pili kijani, kila moja ikiingia kwenye ruta yake. Kisha, katika siku zile ambazo malipo ya majani yameingia na watu wametoka Kiptere, Sosiot na Kapsoit kwa matatu kuja kuchukua pesa zao, laini zote mbili zikafa dakika ile ile. Tingatinga la kupanua barabara lilikuwa kazini. Foleni ikafika hadi nje kwenye boda boda. Kina mama waliokuja na karo ya watoto akilini wakaambiwa warudi kesho.

Niliitwa kuangalia mitambo, na mitambo haikuwa na kosa. Ruta zilitajana kama mchoro ulivyotaka, kila poti mahali pake. Baada ya laini kurudi niliomba ruhusa ya kuzipima kwa OTDR. Kifaa hicho hupeleka mapigo ya mwanga ndani ya unyuzi wa kioo na kusikiliza mwanga kidogo unaorudi. Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, na kutokana na muda kifaa kinahesabu umbali wa kila maungio na kila mkunjo. Grafu ya laini ya bluu ilikuwa na vidonda vyake vidogo, kimoja baada ya kingine, hadi nje ya mji. Ya kijani ilikuwa na vidonda mahali pale pale, vikipishana kwa mita chache tu. Kampuni mbili zikichimba mitaro miwili kwa nyakati mbili haziwezi kuunga faiba zao mahali pamoja mara zote hizo.

Lakini grafu haimshtui meneja. Kwa hiyo niliufuata mtaro kwa miguu, kutoka ofisini, nikitazama viguzo vya alama kando ya barabara. Kwenye njia panda palikuwa na mama mboga, meza yake imepakana na mfuniko wa manholi.

"Mama, hapa walichimba lini kupitisha faiba?"

"Ya kwanza au ya pili?"

"Zote mbili."

"Ya kwanza walichimba. Walinihamisha wiki mbili, meza yangu ikawa kule kwa mwenye duka la mbolea. Ya pili hawakuchimba, fundi. Walikuja na gari asubuhi, wakafungua mfuniko huu ninaowekea sukuma wiki, wakaisukuma kwenye bomba, saa nane wakaenda zao."

"Bomba lile lile?"

"Sasa lingine lingekuwa wapi?"

Nilirudi na kibali na fundi wa kampuni moja, tukafungua mfuniko. Kebo mbili nyeusi zilikuwa zimelala bega kwa bega ndani ya maji ya mvua, kila moja na kibandiko cha kampuni yake, zikiingia kwenye bomba moja. Nilipiga picha. Picha hiyo ndiyo iliyofanya kazi ambayo grafu ilishindwa kuifanya.

Tuliposoma mikataba tulikuta kwamba hakuna aliyedanganya. Mkataba wa pili uliahidi laini ya kampuni tofauti, na kampuni kweli ilikuwa tofauti. Haukutaja barabara, mtaro wala nguzo. Kampuni za intaneti hapa nchini hukodishiana faiba na mabomba kila siku, na ni busara kibiashara. Kuchimba ni ghali na vibali ni vingi. Anayenunua laini ya pili ndiye mwenye wajibu wa kuuliza itapita wapi, na aulize kabla ya kusaini. Siku hizi namwambia mteja adai vitu vitatu: faili la ramani linaloonyesha njia hadi mlangoni, grafu za OTDR za laini zote mbili siku ya makabidhiano, na ruhusa ya mtu wake kuitembea njia hiyo. Kampuni inayokataa la tatu huwa ina sababu.

Sacco ilihamisha laini ya pili kwa mtoa huduma anayekodi nyuzi za juu ya minara ya umeme. Kenya Power ina faiba kwenye minara yake ya umeme mkubwa na huikodisha, na tingatinga la barabara haliifikii huko. Upepo na wizi ni mambo mengine, lakini angalau maadui wa laini hizi mbili si wale wale. Tatizo likabaki mita 60 za mwisho. Kutoka nguzo ya mwisho laini mpya inashuka, inavuka chini ya njia ya miguu na kuingia kwenye jengo kupitia bomba lile lile la ya kwanza, kwa sababu mwenye jengo hataki marumaru yake ivunjwe mara ya pili.

Nilichora mstari mwekundu kwenye mita hizo 60 na kuandika kando yake: bomba moja, laini mbili. Meneja aliniomba kwa upole niuondoe kabla wakaguzi hawajafika. Rangi ile, alisema, itawafanya waulize maswali. Nilimwambia nitaufuta siku bomba la pili litakapolazwa, nikampa makadirio ya gharama ya kukata zege, kulaza bomba la inchi nne na kurudisha marumaru kama ilivyokuwa. Aliyasoma mara mbili, akasaini. Barua imeenda kwa mwenye jengo, na mpaka naandika haya hajaijibu.